Somo: Kufuma sweta la kwanza

Somo hili ni la mtu anayejua kuanzisha vitanzi, kufuma kwa mbele, kufuma kwa nyuma na kufunga. Kama hayo manne unayaweza, sweta unaliweza.

1. Mtindo na uzi. Chagua sweta la vipande vinne vya umbo rahisi: mgongo, kifua na mikono miwili, bila kuchonga kwapa. Uzi uwe wa unene wa kati, rangi isiyokolea. Uzi mweusi huficha vitanzi, na wenye manyoya ni mateso siku ya kufumua. Nunua wote kwa mkupuo, namba ya bechi (fungu lililotiwa rangi pamoja) kwenye vibandiko iwe moja, maana bechi mbili za rangi ileile huweza kuachana.

2. Kipande cha majaribio. Hapa ndipo wengi huruka, kisha wakailaumu sindano. Fuma mraba wa sm 15, ufue kama utakavyolifua sweta, uache ukauke. Ulaze bila kuuvuta, kisha hesabu vitanzi ndani ya sm 10 za katikati, mbali na kingo.

Tuseme maelezo yanataka vitanzi 20 kwa sm 10, nawe umepata 22. Unaona ni tofauti ndogo? Kwa mtu mwenye kifua cha sm 92, tukiongeza sm 8 za kupumulia, mzunguko ni sm 100, yaani sm 50 kila upande. Maelezo yatasema vitanzi 100. Kwa mkono wako hivyo vinatoa sm 45 na kidogo, na sweta zima linakuwa sm 91, dogo kuliko mwili wenyewe! Ama panda sindano nene kidogo ujaribu upya, ama anzisha vitanzi 110. Mimi hupendelea sindano, kwa sababu hesabu nyingine zote zinabaki kama zilivyoandikwa.

3. Mgongo na kifua. Anza na pindo la kuvutika, mbele mbili nyuma mbili, kwa sindano nyembamba zaidi, sm 5 hivi. Kisha badili sindano, uendelee kufuma kwenda juu. Hesabu mistari, usitegemee futi peke yake: vipande viwili vyenye mistari sawa huungana bila kuvutana.

4. Mikono. Anzia kifundoni, ongeza kitanzi kimoja kila upande baada ya kila mistari 6, mpaka upana utoshe tundu la bega. Ifume yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mmoja na bonge lake. Inachosha, lakini italingana.

5. Kuunganisha. Loweka vipande katika maji ya vuguvugu, kamua kwa kuvibana ndani ya taulo, vitandaze vikauke. Uzi wa sufu usiutie maji moto ukausugua, utashikamana na kusinyaa. Shona mabega, okota vitanzi vya shingo ufume ukosi, halafu mikono, mwisho mbavu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kingo zinajikunja ndani. Nipige pasi?*
Hapana. Kitambaa cha mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili hujikunja kwa asili yake. Mbavuni mshono utakishika, chini ni kazi ya pindo. Pasi kwenye uzi wa akriliki hulegeza kitambaa kisirudi tena.

*Nimemaliza, ila kichwa hakipiti!*
Pole. Fumua mstari wa kufungia tu, ufunge upya kwa sindano nene zaidi, mkono ukiwa mlegevu. Likikataa bado, tundu la shingo ni dogo, na hapo utarudi nyuma zaidi.

*Nimeona kitanzi kimoja cha nyuma mahali pa mbele, mistari kumi chini. Nifumue yote?*
Usithubutu. Fuma hadi ufike juu ya kitanzi hicho, kiachie kile kilicho kwenye sindano, kishuke kama ngazi mpaka penye kosa. Kisha kwa kulabu ya kufumia vuta kila kijiti cha uzi kupita ndani ya kitanzi, kimoja kimoja, hadi juu.

*Limetoka pana kuliko hesabu ya kipande cha majaribio. Imekuwaje?*
Mkono hulegea unapozoea kazi. Ndiyo maana nasisitiza upime tena mgongo ukifika sm 10, kabla hujaenda mbali. Hilo lililokwisha lipime pia, uandike vitanzi na mistari yake: ndicho kipimo cha kweli cha mkono wako kwa sweta la pili.