Kutambuliwa kisheria kuwa mzazi wa mtoto aliyezaliwa kwa kubebewa mimba: namna ya kujenga hoja

Mtu anayerudi nchini kwake na mtoto aliyezaliwa ng'ambo kwa kubebewa mimba, yaani kwa makubaliano na mwanamke mwingine aibebe mimba hiyo kwa niaba yake, kisha msajili wa vizazi akakataa cheti chake, kwa kawaida hukimbilia kudai haki yake mwenyewe ya kuwa mzazi. Katika nchi zinazofungwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, hoja hiyo ndiyo dhaifu. Anza na haki ya mtoto. Ibara ya 8 inalinda maisha yake binafsi, na kujulikana kisheria ni mtoto wa nani ni sehemu ya utambulisho wake. Katika kesi ya Mennesson dhidi ya Ufaransa, iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2014, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilisema kwamba haki ya maisha ya familia haikuvunjwa, kwa sababu wazazi na mabinti wao mapacha waliendelea kuishi pamoja. Kilichovunjwa ni haki ya mabinti hao, ambao hata baba yao wa damu hakutambuliwa.

Kwa hiyo, pima vinasaba mapema na uambatanishe majibu kwenye ombi la kwanza kabisa.

Mzazi asiye na uhusiano wa damu na mtoto ana safari ndefu zaidi. Katika maoni ya ushauri ya tarehe 10 Aprili 2019, Mahakama hiyo ilieleza kwamba mama aliyetajwa katika cheti cha ng'ambo lazima apewe njia ya kutambuliwa, ingawa nchi inaweza kuchagua njia ya kuasili badala ya kusajili cheti, mradi utaratibu wake uwe wa haraka na wenye kufanikisha jambo. Omba kuasili bila kuchelewa, na utunze kumbukumbu ya kila tarehe na kila barua, kwa maana ucheleweshaji wenyewe unaweza kuwa ukiukaji: mwaka 2023 Italia ilipatikana na kosa kwa kumwacha mtoto wa takriban miaka 4 bila baba yake mzazi kutambuliwa. Ukikataliwa kuasili kwa sababu mwanamke aliyebeba mimba alilipwa, tegemea kesi ya K.K. na wenzake dhidi ya Denmark ya Desemba 2022, ambapo watoto walishinda.

Ikiwa hakuna mzazi hata mmoja mwenye uhusiano wa damu, hatari ni kubwa. Katika Paradiso na Campanelli dhidi ya Italia, mwaka 2017, wenzi walionyang'anywa mtoto baada ya kuishi naye miezi michache walishindwa. Tena hawakuruhusiwa kusema kwa niaba yake, kwa kuwa hawakuwa na mamlaka ya kisheria juu yake. Hakikisha basi kwamba mtoto ana mwakilishi anayekubalika.

Tunza pia ridhaa ya mwanamke aliyembeba, iliyotolewa kwa hiari baada ya kujifungua, pamoja na taarifa zake. Heshima yake haipungui kwa kuwa mkataba umekwisha, na mtoto ana haki ya kujua asili yake chini ya Ibara ya 7 na ya 8 za Mkataba wa Haki za Mtoto.

Mwisho, itaje Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya mbele ya mahakama za ndani tangu siku ya kwanza, kwani Strasbourg haipokei malalamiko ambayo nchi haikupewa nafasi ya kuyarekebisha, na tangu Februari 2022 muda wa kuyapeleka ni miezi 4 baada ya uamuzi wa mwisho.