Jinsi ya Kuitambua Miezi Yenye Jumapili Tano Kabla ya Kupanga Hesabu za Kikoba

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanachama 25 huku Mbagala, na kila Jumapili jioni kila mmoja wetu hununua hisa ya shilingi 5,000. Desemba 2023, tulipokuwa tukijiandaa kuvunja kikoba, niliandika katika hesabu ya mgao kwamba mwezi huo ungeingiza shilingi 500,000, kwa sababu sikuona kwamba mchapaji wa kalenda yangu ya ukutani, kwa kukosa nafasi, alikuwa ameibana tarehe 31 katika kisanduku kimoja na tarehe 24, ikasomeka "24/31". Shilingi 125,000 za Jumapili ya tano zilipoingia, karatasi za mgao zilikuwa mikononi mwa wanachama, ikanibidi kuziandika zote upya.

Hatua ya kwanza ni kujua mwezi una siku ngapi. Kunja ngumi kama tulivyofundishwa shuleni, uanze na Januari: miezi ya kwenye vifundo ina siku 31 na ya mabondeni ina siku 30, isipokuwa Februari.

Hatua ya pili ni kutazama tarehe mosi imeangukia siku gani, na hapa ndipo penye kazi. Wiki nne ni siku 28, hivyo siku zinazobaki ndizo zinazotokea mara ya tano, nazo ni zilezile zilizoufungua mwezi. Mwezi wa siku 31 huwa na siku tatu za namna hiyo, wa siku 30 mbili, Februari ya siku 29 moja, na ya siku 28 haina hata moja. Kwa hiyo Jumapili huwa tano mwezi wa siku 31 unapoanza Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, au wa siku 30 unapoanza Jumamosi au Jumapili. Kwa mwaka 2026 ni Machi, Mei, Agosti na Novemba.

(Ule ujumbe wa WhatsApp unaodai kwamba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hukutana tano tano mara moja tu katika miaka 823 upuuzwe: ilitokea Desemba 2023, ikatokea tena Machi 2024 na Agosti 2025.)

Hatua ya tatu ni kuhakiki orodha. Siku yoyote ya wiki hutokea mara 52 au 53 kwa mwaka; ukiondoa nne nne za miezi 12, ambazo ni 48, zinabaki nne au tano, kwa hiyo orodha yenye miezi mitatu au sita ina kosa. Mwaka wa kawaida, siku inayoufungua ndiyo pekee inayofika 53; mwaka mrefu, ni siku mbili za kwanza. Mwaka 2028 ni mrefu na utaanza Jumamosi, hivyo Jumapili tano zitakuwa Januari, Aprili, Julai, Oktoba na Desemba, na mwanachama wetu asiyekosa hata wiki moja atakuwa na hisa za shilingi 265,000 badala ya 260,000.