Kurudisha rangi ya boti ya faiba iliyopauka: anza na msasa, si mafuta

Mwezi wa sita, Kusi ikiwa imeshika na wageni wa kuvua samaki wameshakwenda zao, boti nyingi za Mtwapa, Kilifi na Watamu hupandishwa nchi kavu. Hapo ndipo wenyewe huzitazama ubavuni vizuri baada ya miezi mingi, na hapo ndipo simu yangu huanza kulia. "Fundi, boti niliinunua ikiwa buluu, sasa imekuwa kama jivu. Niipake rangi gani?"

Usiipake. Mara nyingi buluu yako ingali pale pale, imefunikwa tu na ngozi iliyokufa.

Boti ya faiba inapotoka kiwandani huwa haikupakwa rangi kwa brashi. Rangi imo ndani ya jelikoti, yaani ile resini ya poliesta iliyotiwa rangi ambayo hutangulizwa kwenye kalibu kabla ya nyuzi za faiba kulazwa. Unene wake ni nusu milimita hivi, au zaidi kidogo. Jua huivunja resini ya juu, chumvi na joto vikasaidia, na kinachobaki ni unga. Boti nyeupe nazo hupauka vivyo hivyo, ila unga mweupe juu ya weupe nani atauona? Ile ya buluu iliyokoza au nyeusi haina pa kujificha. Isitoshe, rangi nzito hunywa joto: saa saba mchana huwezi kuweka kiganja ubavuni ukakiacha.

Nitaeleza kazi kama ninavyoifanya kwenye boti ya futi 23 hivi. Ni siku tatu za watu wawili, mvua ikistahi.

Kwanza pima, usikimbilie mashine

Mwagia maji sehemu iliyopauka, utazame. Ikiwa buluu inarudi ghafla na kutoweka maji yanapokauka, furahi: jelikoti ni nzima. Uso uliochakaa una mashimo madogo yasiyoonekana, nayo hutawanya mwanga ovyo ndiyo maana unaona kijivu. Maji yakijaza mashimo hayo, mwanga hupenya hadi kwenye rangi. Ikiwa hata ikilowa bado ina mabaka, huenda rangi yenyewe imekufa ndani, au kuna mtu aliyekwisha isugua mpaka ikabaki nyembamba.

Siri hiyo hiyo ya maji ndiyo hadaa ya mafuta. Mtu akipangusa boti kwa dizeli, mafuta ya kupikia au ile dawa ya kung'arisha matairi, inang'aa kama mpya kwa wiki mbili, kisha vumbi linanata na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nilishawahi kuitiwa boti iliyonunuliwa jioni ikiwa inameremeta; mwenye kuinunua alikuwa bado hajamaliza kulipa deni ilipogeuka jivu. Najua wazee walipaka majahazi sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu ya kumfukuza jirani. Lakini mbao hunywa mafuta, na zinayahitaji zisipasuke. Faiba hainywi mafuta.

Kipimo cha pili: chovya kitambaa cheupe kwenye thina, usugue mahali pa kificho karibu na tezi, yaani nyuma ya boti. Jelikoti itaacha buluu kidogo ya unga na uso utabaki mgumu. Ikiwa uso unalainika na kunata, hiyo ni rangi ya mkebe mmoja iliyopakwa baadaye, na mwongozo huu haukufai. Ikiwa ni rangi ya tupaki, ile inayochanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha), haitalainika, lakini tabaka lake ni jembamba kuliko jelikoti. Ishuku ukiona alama za rangi iliyonyunyizwa kwenye kingo, au rangi nyingine chini ya mikwaruzo. Hiyo usiipige msasa. Polishi laini na nta vinatosha.

Kuosha

Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni, brashi laini. Osha mara mbili. Chembe ya chumvi au mchanga ikibaki, mashine yako itaiburuta ubavu mzima. Madoa ya manjano karibu na mstari wa maji, na michirizi ya kutu chini ya vyuma, huondoka kwa asidi oksaliki: paka, ngoja dakika kumi, suuza sana. Ni sumu, vaa glavu.

Baada ya hapo pangusa kwa asetoni ili kutoa nta ya zamani na mafuta ya kila mjanja aliyepita hapo kabla yako. Kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kuondoa papo hapo kabla haijakauka.

Herufi na namba za usajili zibandue sasa kwa kikaushia nywele. Chini yake utakuta buluu iliyokoza yenye umbo la herufi, maana jua halikufika. Kivuli hicho hupungua kazi ikiisha, lakini sikuahidi kwamba kitakwisha kabisa. Mimi hurudisha namba pale pale, mambo yakaisha.

Bandika maskingi tepu kwenye mstari wa maji, kwenye vyuma, kwenye mipira na kwenye kila ukingo mkali. Ile rangi ya chini ya kuzuia magugu na chaza usiiguse kwa msasa mkavu. Unga wake una shaba na dawa za kuua viumbe, si wa kuvuta puani. Tandika turubai chini ya boti yote. Maji ya msasa hayafai kuingia kwenye mikoko.

Msasa, hapa ndipo kazi ilipo

Usiamue namba kwa kukisia; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Chukua mraba wa sentimita 30 mahali pasipoonekana sana, uanze na kitu chepesi: kompaundi, yaani dawa nzito ya kusugulia, na mashine ya polishi. Ikitoa kioo, huhitaji msasa, ruka sehemu hii, umeokoa siku nzima. Ikiwa bado ina ukungu, jaribu msasa wa maji namba 1500 kisha kompaundi. Bado? Namba 1000. Boti zilizokaa miaka mitano sita juani bila nta mara nyingi hunilazimu nianze na 800. Chini ya hapo, yaani 600, nashuka kwa mikwaruzo tu, na roho mkononi. Nusu milimita ni akiba ya boti maisha yake yote, na kila msasa unaitumia.

Loweka karatasi za msasa kwenye ndoo yenye tone la sabuni robo saa kabla ya kuanza. Tumia kibao cha mpira au cha sponji ngumu, si vidole vitupu, maana vidole huchimba mifereji. Kwa mkono, hakuna umeme wala mashine kwenye kazi ya maji. Jenereta na ekstensheni vikae mbali kabisa, juu ya kitu kikavu.

Piga namba 800 kwa kwenda mlalo, kutoka omo, yaani mbele, kuelekea tezi. Maji yanayochuruzika mwanzoni huwa meupe kama tui. Endelea. Yataanza kugeuka buluu, na yakishakuwa buluu kweli umefika kwenye rangi iliyo hai, acha, sogea. Watu wengi hapa huona utamu wakaendelea kusugua. Ukiona kivuli cha rangi tofauti kinajitokeza, cha kijani au cha maziwa, umetoboa jelikoti na unatazama faiba. Hilo halirudi kwa polishi.

Suuza, kausha, kisha chora mistari ya penseli juu ya uso wote. Sasa namba 1000, safari hii kwa kwenda wima, mpaka penseli yote ifutike na mikwaruzo ya mlalo isionekane. Rudia: penseli, 1500 mlalo. Penseli, 2000 wima. Ukibadilisha mwelekeo kila namba, unaona mara moja kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imebaki.

Kwenye boti nyeupe unaweza kuruka namba na asijue mtu. Kwenye buluu iliyokoza, jua la saa kumi likipiga ubavuni, kila ulichoruka kinajitangaza. Mwanafunzi wangu aliwahi kutoka 800 moja kwa moja hadi 2000 akitaka kuwahi mechi. Tulipomaliza polishi ilikuwa kama paka amekwaruza boti nzima, tukarudi mwanzo. Mechi yenyewe timu yake ilifungwa.

Kwenye kingo, kwenye mikunjo ya ubavu na kwenye pembe za tezi, jelikoti huwa nyembamba. Huko anza na 1500 na mkono mwepesi.

Ukimaliza 2000, boti itaonekana vibaya: imefifia, kama imefunikwa na utando. Mwenye boti akipita saa hiyo atashika kichwa. Mwambie tu, "Mzee, rudi kesho kutwa."

Kompaundi na mashine

Usitumie grainda ya kukatia vyuma, hata ukiifunga pedi, inakimbia mno. Tafuta mashine ya polishi inayodhibitika, mizunguko kati ya 1,200 na 1,800 kwa dakika. Pedi ya sufu kwa kompaundi, pedi ya sponji kwa polishi, na zisichanganywe kamwe. Barakoa, miwani, na nywele au kanga isiyoning'inia.

Kivuli ni sharti. Kama huna banda, asubuhi fanya ubavu unaotazama magharibi, jioni ule wa mashariki, na mchana kaa unywe uji. Kompaundi ikigusa faiba yenye moto inakauka na kuwa gundi.

Weka matone machache kwenye eneo la sentimita 60 kwa 60. Yasambaze mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe, uanze polepole. Shikilia pedi ilale bapa, isogee muda wote, mlalo kisha wima, kila njia ikipanda nusu ya iliyopita. Mwanzoni kandamiza, kisha legeza kadiri kompaundi inavyokuwa nyepesi. Gusa kwa mgongo wa mkono kila baada ya dakika moja: uvuguvugu ni sawa, ikiunguza simama. Joto hupasua na kukausha jelikoti kwa sekunde chache, na kwenye rangi nzito doa lake halifichiki. Sufu ikishikana, ikwangue kwa brashi ngumu mashine ikizunguka taratibu, mbali na boti.

Kisha jipime bila kujidanganya. Kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, halafu usiku uje na tochi, uimulike kwa pembeni. Ukiona nyuzi za mviringo kama utando wa buibui, hizo ni alama za sufu, na polishi itaziondoa. Ukiona mistari iliyonyooka, hiyo ni ya msasa, rudi kwenye 2000 hapo hapo. Rudia kompaundi mara mbili au tatu inapobidi. Ubavu mmoja hunichukua karibu siku.

Mikwaruzo mirefu iliyobaki

Ile iliyokwenda ndani kabisa, ambayo kucha inanasa, ijaze kwa jelikoti mpya. Lakini linganisha rangi sasa, baada ya kompaundi. Anayelinganisha mwanzo analinganisha na jivu. Changanya kidogo kidogo, jaribu juu ya kipande cha tepu kilichobandikwa ubavuni, acha kikauke ndipo uamue. Hadna ni asilimia 1 hadi 2. Iangalie kwa makini, usiiguse kwa mkono, na vaa miwani maana hupofusha macho. Funika kiraka kwa plastiki, kwani jelikoti ya kawaida ikiachwa hewani hubaki ikinata. Kesho yake msasa na kompaundi kama kawaida.

Polishi, herufi, nta

Polishi kwa sponji, mwendo ule ule, mkono mwepesi zaidi. Hapa ndipo buluu inapokuwa nzito hadi unaona meno yako mwenyewe.

Bandika namba na jina la boti kabla ya nta. Zikija baada ya nta hazishiki, zitaondoka na wimbi la kwanza.

Nta nzuri ina karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii moja na mnazi, ngumu na hustahimili joto letu. Paka nyembamba sana kwa sponji, ngoja ifanye ukungu, futa kwa kitambaa laini. Tabaka la pili kesho yake. Usipake asubuhi yenye umande, na usivuke mstari wa maji, rangi ya chini haitashika juu ya nta.

Kwa jua hili nta haizidi miezi mitatu. Ioshe boti kwa maji baridi kila ikirudi kutoka baharini, na upake tena kabla maji hayajaacha kusimama matone matone ubavuni. Anayefanya hivyo nakutana naye baada ya miaka, kwa kompaundi kidogo tu. Asiyefanya nakutana naye Juni ijayo, na msasa mkononi.

Subiri bamvua, maji makuu yanapojaa, uishushe kwa raha. Na yale matairi mnayoyafunga ubavuni kama mito ya gatini, yavishe zulia kuukuu au magunia. Tairi tupu likisugua buluu mpya usiku mmoja tu wa mawimbi, linaacha duara jeusi ambalo nimeshaitiwa kuliondoa hata kabla sijalipwa.