Namna ya Kuisoma Manowari Kuanzia Mlingotini

Mtu anayeitazama manowari kwa mara ya kwanza, iwe pichani au akiwa ufukweni, karibu kila mara huanza na mzinga ulioko omo, yaani mbele ya meli. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa mzinga ndicho kitu pekee kinachofanana waziwazi na silaha. Lakini katika meli ya kivita ya leo mzinga huo ni silaha ya daraja la pili, ilhali makombora yanayoifanya meli iogopwe yamelala chini ya vifuniko vya chuma ambavyo mgeni huvipita bila kuviona. Ninachopendekeza hapa ni kuisoma meli kutoka juu kwenda chini: uanze kwenye ncha ya mlingoti, ushuke taratibu hadi sitahani, na mzinga uuache mpaka karibu na mwisho.

Sababu ya kuanza juu ni umbo la dunia. Uso wa bahari umepinda, na mawimbi ya rada husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo rada ya kawaida ya meli haioni kilichojificha nyuma ya mpindo huo hata iwe na nguvu kiasi gani. Kuna hesabu moja inayofaa kukaririwa: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kizidishe kwa 4.12, nawe utapata umbali wa upeo wa rada kwa kilomita. Antena iliyo mita 25 juu ya maji ina upeo wa kilomita 20 na ushei; kombora linaloruka mita 4 juu ya mawimbi huongeza kilomita 8 hivi, kwa kuwa nalo lina upeo wake. Jumla haifiki kilomita 30. Kombora la kupigia meli lenye kasi inayokaribia ile ya sauti huzimaliza kilomita hizo kwa dakika moja na nusu, na ndani ya muda huo ni lazima ligunduliwe, litambuliwe kuwa ni la adui, na silaha ya kulizuia iwe imekwisha kufyatuliwa. Ndege iliyo mita 9,000 angani, kwa hesabu ile ile, huweza kuonekana ikiwa bado iko umbali wa kilomita 400. Tofauti hiyo kati ya 30 na 400 ndiyo iliyowaongoza wachoraji wa meli katika mengi utakayoyaona.

Mfano wake ulilipiwa kwa damu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard ziliikaribia destroya (manowari ya kulinda meli nyingine) ya Uingereza, HMS Sheffield, zikiruka chini kabisa. Zikapanda kidogo tu ili rada zao zichungulie, kisha zikafyatua makombora ya Exocet. Moja liliipiga Sheffield ubavuni, mabaharia 20 wakafa, na meli ikazama siku sita baadaye wakati inavutwa. Ukizitazama destroya za Type 45, ambazo Waingereza walianza kuzitumia mwaka 2009, utaona tufe kubwa limewekwa kwenye ncha ya mlingoti mnene. Ndani yake mna rada ya Sampson, yenye nyuso mbili zinazozunguka, na imeinuliwa juu kiasi hicho makusudi ili upeo usogee mbali. Wamarekani walichagua njia nyingine. Katika destroya za Arleigh Burke, zilizoanza kazi mwaka 1991, utaona mabamba bapa yenye pembe nane yaliyopachikwa kwenye kuta za jengo la mbele. Yako manne, kila moja likilinda robo ya mzunguko, na kwa kuwa hakuna kinachozunguka, pande zote hutazamwa kwa wakati mmoja. Gharama yake ni uzito: mabamba hayo na mitambo yake hayawezi kupandishwa juu sana bila kuifanya meli iwe nzito kichwani na kuyumba vibaya. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: rada kuu inazunguka au imetulia, na iko juu kiasi gani? Meli isiyo na rada kubwa ya aina yoyote haikujengwa kulinda wengine dhidi ya mashambulizi ya angani, hata ikiwa na mzinga wa kutisha.

Ukitoka mlingotini, tazama kuta. Ubavu uliosimama wima huurudisha mwangwi wa rada kule kule ulikotoka, ilhali ulioinama huutupa juu angani au chini majini. Frigeti (manowari ambazo kwa desturi ni ndogo kuliko destroya) za La Fayette za Ufaransa, zilizoingia kazini mwaka 1996, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kujengwa kwa fikra hiyo toka omo hadi tezi, yaani nyuma. Mashua zake zilifichwa nyuma ya milango, na vitu vidogo vidogo vya sitahani vikafunikwa. Zumwalt ya Marekani, iliyokabidhiwa mwaka 2016, imeifikisha fikra hiyo ukingoni, kwani mbavu zake huingia ndani kadiri zinavyopanda, na kwa mbali inafanana zaidi na paa la nyumba kuliko na meli. Kanuni ya kukadiria umri ni nyepesi: ngazi, matusi, mashua na nyaya vikiwa vingi na viko wazi, meli hiyo huenda ilichorwa kabla ya miaka ya 1990.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote baada ya rada, nayo ni kutafuta visima vya makombora. Mbele ya chumba cha usukani, na katika meli nyingi pia karibu na banda la helikopta, kuna eneo la miraba midogo iliyopangwa kama vigae vya sakafu. Kila mraba ni kifuniko, na chini yake kombora limesimama wima tayari kuruka. Vihesabu. Type 45 ina visima 48, Arleigh Burke ina 90 au 96 kulingana na toleo, na Type 055 ya China ina 112. Idadi hiyo inakuambia ukubwa wa akiba, lakini haikuambii aina, kwa sababu katika mifumo mingi kisima kimoja huweza kubeba kombora la kuzuia ndege, la kupiga nchi kavu au la kuwindia nyambizi, na kwa nje vifuniko ni vile vile. Siri hiyo ni silaha yenyewe. Tena, kwa kawaida visima havijazwi upya katikati ya bahari. Meli iliyomaliza makombora yake hulazimika kurudi bandarini penye kreni. Tarehe 19 Oktoba 2023, destroya ya Marekani USS Carney ilipoanza kuangusha makombora na droni zilizorushwa kutoka Yemen, kila kombora lililotoka lilikuwa pengo ambalo lisingezibwa pale pale, na tatizo hilo ndilo linaloamua manowari ikae kwa muda gani kwenye eneo la mapigano kuliko hata mafuta au chakula. Usiyachanganye visima na mitungi iliyoinama, ambayo aghalabu ni minane, iliyopandwa katikati ya meli ikielekea kushoto na kulia: hiyo ni ya makombora ya kupigia meli nyingine.

Pipa jeupe lenye kichwa cha mviringo na mitutu mingi ni Phalanx, mzinga wa milimita 20 unaojiendesha wenyewe na kutema risasi hadi 4,500 kwa dakika. Masafa yake yenye manufaa ni kilomita moja na nusu hivi, kwa hiyo unapolia, ulinzi mwingine wote umekwisha kushindwa. Mzinga mkuu, hatimaye, utazame kwa unene: milimita 57 na 76 ni vya meli ndogo na za wastani, na 127 huashiria meli inayotarajiwa kupiga shabaha za pwani pia.

Usisahau ncha mbili. Nanga iliyosogezwa mbele kabisa omoni mara nyingi huashiria kwamba chini ya maji kuna kuba la sonari, mtambo wa kutambua nyambizi kwa sauti, ili nanga inayoshuka isije ikaligonga. Huko tezi, uwanja na banda la helikopta ni dalili kwamba meli inawinda nyambizi kwa umakini, maana helikopta hufika mbali kuliko sonari ya meli na haisikiki kirahisi na anayewindwa.

Majina ya aina za meli yachukuliwe kwa tahadhari. Zamani korveti ilikuwa ndogo kuliko frigeti, frigeti ndogo kuliko destroya, na destroya ndogo kuliko kruza. Leo majina hayo hutolewa na siasa na bajeti pamoja na tani. Frigeti za Ujerumani za F125 zina zaidi ya tani 7,000, uzito unaozizidi destroya nyingi za zamani, na Izumo ya Japani, yenye urefu wa mita 248 na sitaha bapa kutoka mwanzo hadi mwisho, iliorodheshwa kuwa destroya ya kubebea helikopta. Namba ya ubavuni husaidia zaidi. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya huitanguliza kwa herufi: D kwa destroya, F kwa frigeti, R kwa meli ya kubeba ndege, L kwa meli ya kushusha wanajeshi pwani, M kwa meli ya kushughulikia mabomu ya majini, P kwa doria na A kwa meli za huduma. Destroya za Marekani huandikwa tarakimu peke yake.

Baada ya kujua meli ni ya aina gani, uliza inafanya nini, na hapa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 ni msaada mkubwa, kwa sababu nazo manowari huzifuata. Maumbo matatu meusi yakitundikwa wima mlingotini, yaani tufe, almasi na tufe, maana yake ni kwamba meli haiwezi kugeuka kwa uhuru. Usiku hubadilishwa kuwa taa nyekundu, nyeupe na nyekundu. Manowari huyatundika inaporusha au kupokea ndege, na pia inapojaza mafuta ikiwa safarini. Ukiziona meli mbili zikienda sambamba kwa kasi moja, zimeachana makumi machache tu ya mita huku mipira ya mafuta ikining'inia katikati, hiyo ndiyo kazi inayoendelea. Mimi huiona kuwa ngumu kuliko kufyatua kombora, kwa sababu maji yaliyobanwa kati ya mbavu mbili huzivuta meli zigongane. Matufe matatu, moja mlingotini na moja katika kila ncha ya boriti ya mlingoti wa mbele, au taa tatu za kijani usiku, ni ya meli inayoondoa mabomu ya majini, na kuikaribia ndani ya mita 1,000 ni hatari.

Meli ya kubeba ndege hujisema kwa mwendo wake. Inaporusha ndege huukabili upepo na kuongeza kasi, hata kama safari yake ni ya upande wa pili kabisa, na manowari ndogo au helikopta hubaki karibu ili kuokoa rubani akianguka. Omo iliyopinda juu, kama ya HMS Queen Elizabeth, haina manati ya kurushia ndege. Omo bapa, kama ya Nimitz ya Marekani yenye urefu wa mita 333, mara nyingi inayo.

Anayesafiri kwa chombo kidogo azingatie mambo mawili zaidi. Manowari hazilazimiki kuwasha kifaa kinachotangaza mahali meli ilipo, ambacho meli za biashara za kimataifa za tani 300 na zaidi hulazimika kuwa nacho, kwa hiyo kutoiona kwenye skrini si ushahidi kwamba haipo. Pia kanuni huziruhusu zipange taa zake tofauti zinapobanwa na umbo la meli, na usiku meli ndefu huweza kuonekana fupi. Mwaka 2017 destroya mbili za Marekani, Fitzgerald na John S. McCain, ziligongana na meli za biashara kwa nyakati tofauti, na mabaharia 17 wakafa kwa jumla. Uangalizi hafifu wa wenye zamu ulitajwa katika yote mawili.

Mahali ilipo meli nako husomeka. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, maji ya nchi hufika maili 12 za baharini, sawa na kilomita 22. Ndani yake manowari ya kigeni ina haki ya kupita kwa amani tu: hairuhusiwi kurusha ndege wala kufanya mazoezi ya silaha, na nyambizi hutakiwa kuibuka na kupandisha bendera. Nyambizi ya kigeni ikionekana juu ya maji karibu na pwani, basi, huenda inatii sheria tu.

Kabla ya kupiga picha bandarini, hakikisha sheria za nchi uliyopo zinaruhusu, kwa kuwa nyingi hukataza. Kwa mazoezi, chukua picha za Type 45 na Arleigh Burke zilizopigwa kutoka ubavuni, uzifunike kwa karatasi chini ya usawa wa chumba cha usukani, useme ni ipi. Ukiweza, ishushe karatasi kidogo kidogo na utaje kila kitu kabla hakijafunuliwa: mabamba au kuta tupu, mitungi iliyoinama, nanga. Mzinga utakuwa miongoni mwa vya mwisho kutokea, na kufikia hapo jina la meli utakuwa umekwisha kulitamka.