Kuandika habari za setla aliyelima kijijini kwenu

Ukitaka kuandika maisha ya Mwingereza aliyekuwa na shamba la kahawa huku kwetu, Tengeru au Usa River, usianzie kwenye nyumba yake. Anzia kwa waliomfanyia kazi.

Kwanza hakikisha alikuwa Mwingereza kweli. Wazee wengine wakisema hivyo wana maana ya mzungu yeyote, kumbe Wagiriki walikuwa tele Arusha, na Makaburu walifika tangu enzi za Mjerumani. Waingereza walianza kuingia baada ya Vita ya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipochukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa. Ukiambiwa alifungua shamba mwaka 1910, shuku.

Miaka usiulize kwa tarakimu. Uliza: baba yako alisema treni ilikuwa imeshafika Arusha? Hiyo ni 1929. Wameru walikuwa wameshafukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki kuwapisha masetla? Hiyo ni 1951, na hapo mzee atakusimulia mwenyewe, kwa hasira, jinsi Kirilo Japhet, mwakilishi wao, alivyokwenda kulalamika Umoja wa Mataifa. Mwache aseme.

Ukishaamkia, usiulize kama mzungu alikuwa mwema. Utajibiwa kwa adabu tu, urudi na daftari tupu. Uliza posho ilipimwa kwa chombo gani na nani alikishika. Uliza nyapara alitoka wapi. Kisha omba kuona kipande. Babu yangu alificha chake ndani ya mkebe wa chai: kadi yenye vyumba thelathini, kila siku ya kazi alama moja. Siku uliyougua haikuhesabiwa, na mshahara ulisubiri mpaka vyumba vijae. Piga picha pande zote mbili, maana jina rasmi la shamba huenda likawa pale. Hilo ndilo utakalolitafuta Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majina ya utani tuliyowapa wazungu huyakuti kwenye mafaili.

Shambani nenda na mtu aliyewahi kubua kahawa. Akuoneshe tenki la kuchachushia, la kuosha, na mfereji ulioleta maji. Muulize mfereji huo ulimwagilia migomba ya nani kabla setla hajaja. Hapo andika polepole, na majina yote.

Ukimaliza, msomee mzee kwa sauti. Akicheka mahali usipotegemea, simama umuulize.