Kabla hujaiachia programu yako: hakimiliki kwa vijana wa kompyuta Unguja na Pemba

Naandikia watu programu hapa Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Vijana hunipandia ngazi na laptopu kwapani: "Mwalimu, nimetengeneza hii, naweza kuiuza?" Wa karibuni alikuja na programu ya simu inayovuta nyimbo za taarab kutoka mitandaoni na kuzipanga kwa mwimbaji. Nzuri, wallahi. Nikamuuliza nyimbo ni za nani. "Za zamani hizo, Mwalimu." Uzamani peke yake si ruhusa.

Anza na sheria ya kwenu. Hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 1999; sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar, Namba 14 ya 2003, na ofisi yake ni COSOZA. Kijana wa Wete anayefuata ushauri wa hakimiliki ulioandikwa Dar es Salaam anasoma sheria ya jirani. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatufikia na sisi, na kifungu chake cha 24 kinamgusa anayetumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu wa mtu, awe anapata pesa au hapati. Kinachotofautiana ni adhabu. Kwa hiyo usitegemee kusema "mimi natoa bure".

Halafu acha kubandika chini ya kazi zako kile kifungu cha 107 cha Marekani, cha "fair use", yaani kutumia kazi ya mtu kwa kiasi bila ruhusa yake. Nakiona kila siku, hata kwenye video za harusi! Ni sheria ya kwao ya 1976: hakimu hupima umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeliharibu vipi soko la mwenyewe. Na hata huko unajitetea nacho ukishashitakiwa. Oracle iliishitaki Google mwaka 2010 kwa mistari kama 11,500 ya Java, lugha ya kuandikia programu. Google ilishinda Mahakama ya Juu Aprili 2021, kwa kifungu hicho hicho. Wewe wakili wa miaka yote hiyo utamlipa na nini? Fungua sheria yetu, soma matumizi yanayoruhusiwa moja moja, kama kunukuu kwa kutaja chanzo. Lako halimo? Omba ruhusa.

Kama programu yako inafungua kufuli la kidijitali, simama hapo hapo. Julai 2001 Mrusi Dmitry Sklyarov alikwenda Las Vegas kuhutubia mkutano, FBI wakamkamata. Programu aliyoiandikia kampuni yake, ElcomSoft, iliondoa kufuli kwenye vitabu vya kielektroniki vya Adobe, hata kitabu ulichokinunua kwa pesa yako. Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inakataza kuuza chombo chenyewe cha kuvunjia kufuli, hata kama hakuna aliyenakili kitabu kwa wizi. Mashitaka ya Sklyarov yaliwekwa kando Desemba, na mwaka uliofuata jopo la raia likaiachia kampuni. Sawa, lakini miezi yote hiyo alikwama Marekani. Kwangu mimi ile ni sheria mbaya. Ubaya wake hautakusaidia ukiwa mahabusu, na ukiuza kupitia duka la programu la Kimarekani umeshaingia uani kwao.

Msimbo uliochukua kwa wengine, soma leseni yake. Ya MIT inataka ubakishe tangazo la hakimiliki la mwenyewe na maneno ya leseni. Ya GPL inataka utoe na msimbo wako pale unapoisambaza programu.

Sasa ruhusa. Yule kijana nilimfungulisha daftari, kila wimbo na mstari wake: mtunzi wa shairi, aliyetia muziki, mwimbaji na kikundi, aliyerekodi. Taarab moja inaweza kuwa na wenyewe wanne, na ndugu wa marehemu mwimbaji hawezi kukupa haki ya mtunzi. Karatasi iseme wimbo gani, utumike wapi, muda gani, malipo kiasi gani, na sahihi. Kukubaliana kwa mdomo barazani hakutoshi. Nyimbo zilizokosa karatasi alizitoa, akaweka kiungo cha kwenda kwa mwenyewe.

Ukipata barua ya malalamiko, ondoa kinachogombaniwa siku hiyo hiyo, lakini usifute msimbo, barua pepe wala mazungumzo ya WhatsApp. Usijibu kwa hasira. Chukua daftari na barua, nenda kwa wakili kabla hujaandika neno.