Kutazama video bila simu kukusema

Mama mmoja wa Mkomani alikuja kibandani kwangu Langoni, hapa Lamu, akafungua pindo la leso, akatoa simu na kuiweka mezani kama mtoto mwenye homa. "Mwanangu, simu hini hunisema."

Nikadhani ni spika. Kumbe usiku yeye husikiliza kasida na darsa, asubuhi mjukuu huichukua kutazama katuni, na jioni mwanawe huangalia mieleka na mengine ambayo mama hakuyataja. Akaunti ni moja. Basi mjukuu akifungua YouTube hupendekezewa dawa za magoti, na bibi akifungua hupendekezewa vitu alivyonionyesha huku amegeuza uso kando.

Nyumba zetu za mawe zina daka, yaani baraza ya mlangoni, na ukishapita mlango njia inapinda, ili mpita njia asione uani. Simu haina daka. Yafuatayo ndiyo niliyomfanyia mama yule, na tangu hapo nimewafanyia wengi. Ni kwa simu za Android. Mwenye iPhone, sehemu kubwa ya haya haikuhusu. Ruka mpaka kule chini ninapoieleza PeerTube, njia nyingine ya kutazama video.

Hatua ya 1: weka F-Droid kwanza

Programu tunayoitaka inaitwa NewPipe. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Inaonyesha video za YouTube bila kukudai akaunti, na haina matangazo yake yenyewe. Play Store haipo, kwa sababu masharti ya duka hilo hayairuhusu. Ukiona kule kitu chenye jina hilo, jua si chenyewe.

Sisi tunaitoa F-Droid, duka la programu huria tupu. Fungua kivinjari na uandike f-droid.org kwa mkono wako. Usitafute kwa Google ukabonyeza la kwanza utakaloona, maana hapo ndipo watu huingia tovuti za kuiga. Pakua faili la F-Droid, kisha ulifungue.

Simu itakuzuia na kukuuliza kama unakiruhusu kivinjari hicho kusakinisha programu. Ruhusu, sakinisha, halafu rudi kwenye mipangilio uiondoe ruhusa hiyo hiyo. Hapa sina masihara. Kijana mmoja aliletewa faili la "YouTube ya bure" kwenye kundi la WhatsApp, akaliweka, akaiacha ruhusa wazi. Baada ya wiki simu yake ilikuwa inarusha matangazo hata skrini ikiwa imefungwa. Asubuhi yangu nzima ilikwisha kumsafishia, na picha zake nyingine hatukuziokoa.

Ukifungua F-Droid mara ya kwanza itavuta orodha ya programu zote. Orodha ni ndefu, na jioni mtandao wetu unajua kukaza, kwa hivyo iache wazi ukanywe kahawa. Orodha ikishaingia, tafuta NewPipe na uisakinishe. F-Droid nayo itaomba ruhusa ya kusakinisha. Hii mwachie, kwa sababu masasisho yatapitia kwake.

Hatua ya 2: mipangilio kabla ya video

Watu wengi hukimbilia kutafuta video. Subiri. Ingia mipangilio kwa mistari mitatu iliyo juu kushoto.

Anza na historia. Kuna swichi ya historia ya utafutaji na nyingine ya historia ya kutazama. Zima zote mbili, kisha futa kilichokwisha kuandikwa. NewPipe huweka historia ndani ya simu tu, haipeleki kokote, lakini kwa simu ya watu watatu humo humo ndani ndimo penye balaa.

Kisha nenda kwenye maudhui ya ukurasa wa mwanzo. Ondoa kurasa zinazokuletea video za watu usiowajua, bakisha chaneli unazofuata. Sasa programu ikifunguka inaonyesha ulichokichagua wewe, basi. Mama yule alipouona ukurasa mtupu aliniuliza kama imeharibika.

Jambo la tatu ni bando. Kuna sehemu ya kuweka kikomo cha ubora wa picha unapotumia data ya simu. Mimi huweka 240p, na 360p kwa anayelalamika. Hesabu ni nyepesi. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Sauti tupu ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama MB 58 kwa saa. Darsa la saa nzima ambalo shekhe amekaa kitako mbele ya kamera haondoki, picha yake unailipia ya nini?

Hatua ya 3: sauti bila picha

Hii ndiyo iliyowateka wateja wangu kuliko suala la faragha, nisiseme uongo. Fungua video, chini ya jina lake kuna alama ya hedifoni. Ibonyeze. Picha inaondoka, sauti inabaki, na unaweza kufunga skrini ukaitia simu mfukoni. Ukitaka sauti moja kwa moja bila kuifungua video kwanza, ibonyeze kwa muda mrefu ikiwa bado kwenye orodha, kisha uchague kusikiliza kwa nyuma.

Simu nyingine huikata sauti baada ya dakika chache. Kosa si la NewPipe; ni simu inayojifanya kubana betri. Ingia mipangilio ya betri ya simu yenyewe, itafute NewPipe na uiondolee vizuizi.

Hatua ya 4: kupakua kabla ya safari

Nahodha mmoja wa boti za mizigo za Kizingitini hupita kwangu kabla ya kuondoka. Yeye hutaka mafunzo ya kutengeneza mashine za boti, na baharini mtandao hupotea. Kwenye NewPipe bonyeza mshale unaoelekea chini, chagua video au sauti, chagua ubora, chagua folda. Faili zikiwa nyingi ziweke kwenye memori kadi, maana simu ikijaa huanza kugoma.

Kwa kutazama faili hizo, weka VLC, nayo iko F-Droid. Mradi wake ulianza 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, na hadi leo sijaona faili la kawaida lililoishinda. Ukirudi nyuma kwa vidole ukaona bomba la mafuta limeshikwa vipi, unasimamisha, unatazama tena, na hakuna tangazo la sabuni linaloingia katikati huku mikono imejaa grisi.

Pakua cha kutumia wewe. Kuna wanaojaza flashi wakauza nyimbo za watu kwa mia mia, na wengine wameniomba niwasaidie. Mimi simo. Tena ujue kwamba masharti ya YouTube hayapendi programu za namna hii, na kwamba tangazo lisipoonekana msanii hapati chake. Kwa hivyo kundi la taarabu unalolipenda likija kupiga harusini, tunza.

Hatua ya 5: chaneli na makundi yake

Kufuata chaneli hakuhitaji akaunti. Bonyeza kitufe cha kujiunga, jina linahifadhiwa ndani ya simu. Kisha unda makundi ya chaneli: la mama tuliliwekea alama ya nyota, la mjukuu alama ya wayo wa mnyama. Kila mmoja anafungua lake. Si kufuli, mtoto anaweza kutafuta chochote, kwa hivyo kwenye mipangilio ya maudhui zima video zenye kikomo cha umri, uwashe na hali yenye vizuizi ya YouTube. Hata hivyo jicho la mtu mzima libaki pale pale.

Ukimaliza, hifadhi nakala. Mipangilio, nakala na urejeshaji, hamisha data. Utapata faili moja la zip. Lipeleke nje ya simu. Nasema hivi kwa uchungu: mwaka jana nilifuta simu yangu mwenyewe kujaribu kitu, chaneli zaidi ya mia nilizokusanya kwa miaka zikaenda, na hapakuwa na akaunti ya kuzirudisha. Uhuru wa kutokuwa na akaunti una bei hiyo.

Kinachobaki wazi

Usije ukatembea Utukuni ukidhani umekuwa jini. NewPipe huzungumza na seva za YouTube, yaani kompyuta zao zenye video, moja kwa moja, kwa hivyo anwani yako ya mtandao wanaiona. Kampuni ya simu nayo inaona kwamba umeingia YouTube, ingawa haioni video gani, na laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Kilichokatika ni ule uzi unaounganisha jina lako na kila ulichotazama.

Zipo tovuti za Invidious, zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ambazo zinaweza kukaa katikati yako na YouTube. Nilikuwa nikizipendekeza. Siku hizi YouTube huzizuia mara kwa mara, leo hii inafanya kazi kesho imekufa, na mteja akirudi na hasira hamwendei Invidious, ananijia mimi.

Kwa kompyuta weka FreeTube. Ipo ya Windows, Mac na Linux. Kazi yake ni ile ile, na chaneli ulizozihamisha kutoka NewPipe kama faili la json inazipokea.

PeerTube ni jambo jingine kabisa, kwa sababu haigusi YouTube. Ni programu ya seva iliyotengenezwa na Framasoft, shirika la Ufaransa, na toleo lake la 1.0 lilitoka 2018. Shule, msikiti au kikundi kinaweza kuwa na seva yake, na seva hizo zikashirikiana. Watu wakitazama video moja kwa wakati mmoja, vifaa vyao huweza kugawiana vipande, ili seva ndogo isizidiwe. Ila hapo watazamaji wenzako huweza kuiona anwani yako, na swichi ya kuzima ipo. Unaitazama kwa kivinjari chochote, iPhone ikiwemo, au ndani ya NewPipe: fungua mistari mitatu, bonyeza jina la YouTube lililo juu, chagua PeerTube. Kiswahili humo ni haba. Kasida za mama hutazipata. Lakini wanaorekodi Maulidi na mashindano ya majahazi, wakawa wanalia video zao zimezungushiwa matangazo yasiyo na adabu, wangejaribu huko.

Ikigoma siku moja

Itagoma. YouTube hubadilisha mambo yake bila kumpigia mtu hodi, na NewPipe huanza kuandika makosa kila unapofungua video. Usiifute. Fungua F-Droid, vuta orodha kwenda chini ijisasishe, kisha sasisha NewPipe. Toleo jipya huchelewa siku kadhaa kufika F-Droid. Asiye na subira anaweza kuongeza ndani ya F-Droid hazina ya NewPipe wenyewe, yaani chanzo chao cha kupakulia, kwa maelezo yaliyo newpipe.net. Lakini saini ya toleo la huko, yaani muhuri wa kidijitali wa aliyelitoa, ikitofautiana na uliyo nayo, simu itakataa kusasisha, itabidi uondoe ya zamani kwanza. Na ukiiondoa bila ile zip, yatakukuta yaliyonikuta.

Mama wa Mkomani alirudi mwezi uliopita. "Leo haisemi kabisa." Ilikuwa sasisho tu, dakika mbili. Akasikiliza kidogo kwa sikio moja, akaizima, akaifunga tena kwenye pindo la leso.